Sura ya Sita: Waya wa Juu na Waya wa Pili

Swala akikutana na seng'enge porini haioni kuwa ni ukuta. Nyaya ni nyembamba, nguzo ziko mbalimbali, na majani anayoyataka yanaonekana wazi ng'ambo ya pili. Husita kidogo, hupima, kisha huruka. Miguu ya mbele huwa ameikunja chini ya kifua, nayo hupita bila taabu. Kasheshe ni ya nyuma. Mnyama wa jamii hii akiwa hewani huivuta miguu ya nyuma mbele, chini ya tumbo, na akiwa amekosea kimo kwa upana wa kiganja tu, mguu mmoja huingia kati ya waya wa juu na waya wa pili. Mwili umeshavuka, unaanguka upande wa pili kwa uzito wake wote, na ule mguu uliobaki nyuma unaupindua waya wa juu mpaka unapita chini ya mwenzake. Nyaya mbili husokotana juu ya kifundo na kukaza kama kitanzi cha mtego. Kila anapofurukuta, zinakaza zaidi.

Anaweza kuning'inia hivyo siku nzima, kichwa chini, kwato za mbele zikikwaruza udongo. Damu haifiki tena mguuni. Akibahatika, fisi humkuta mapema. Wachungaji na walinzi wanaotembea kando ya nyua wanakijua kinachobaki: mguu mmoja mkavu, umekatikia gotini, bado umeshikwa na nyaya, na chini yake nyasi zimefyekwa na mateke mpaka udongo unaonekana.

Nimeanza na nyaya mbili hizo makusudi. Mjadala wa nyua na wanyamapori, hapa kwetu Afrika Mashariki, hurukia haraka mambo makubwa: sera ya ardhi, shoroba, ongezeko la watu, mikutano ya Nairobi na Arusha. Hayo tutayafikia. Lakini nafasi iliyopo kati ya waya wa juu na wa pili ni jambo ambalo fundi mmoja mwenye nyundo na mfuko wa misumari huliamua asubuhi moja, tena kwa jicho, bila kujua kwamba ameamua chochote.

Waliolipima jambo hili vizuri zaidi ni Wamarekani, kwa kuwa magharibi ya nchi yao seng'enge zimetanda kila upande tangu babu zao. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Justin Harrington na Michael Conover, walikagua tena na tena zaidi ya kilomita 1,000 za seng'enge katika majimbo ya Utah na Colorado, wakihesabu mizoga. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006. Kwa wastani, kila kilomita 4 za seng'enge zilinasa na kuua mnyama mmoja mkubwa kwa mwaka: kulungu, wapiti, au pronghoni, yule mnyama wa nyika za Amerika anayefanana na swala. Wengi wao walikuwa wamenaswa palepale, kati ya nyaya mbili za juu. Wachanga walikuwa katika hatari mara 8 kuliko wakubwa. Ua uliokuwa mbaya kuliko zote ni ule wa wavu wa waya uliowekewa juu yake uzi mmoja wa miiba: wavu unamzuia mnyama asipite chini wala katikati, kwa hiyo lazima aruke, na akiruka uzi ule mmoja unamngoja.

Kisha wakakuta kitu ambacho mimi, kila ninaposoma hesabu zile, hukaa nacho muda mrefu kuliko hizo nyingine. Kulikuwa na mizoga iliyolala kando ya nyua bila kunaswa popote. Tisa kati ya kila kumi ilikuwa ya watoto. Mama ameruka, kundi limeruka, mtoto ameshindwa. Ametembea kando ya waya kwenda na kurudi, amechoka, amelala. Mwenye shamba akipita baadaye ataona mtoto wa kulungu aliyekufa na atadhani ni ugonjwa au ukame. Ua wake haukumgusa.

Pronghoni naye ana msiba wake. Hukimbia kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa, hakuna mnyama wa nchi ile anayemfikia, lakini amekulia katika uwanda usio na kitu cha kurukwa, basi kuruka hakumo katika desturi zake. Yeye hupiga magoti na kutambaa chini ya waya wa mwisho. Waya ukiwa juu kiasi cha kutosha, hupita. Ukiwa chini, hupita akiacha manyoya na ngozi ya mgongo kwenye miiba, na majira ya baridi kali humkuta na mapara mgongoni. Ukiwa chini kabisa, hapiti. Anageuka na kuufuata ua, akitafuta mwisho wake.

Waya wa miiba wenyewe si mkongwe. Joseph Glidden, mkulima wa De Kalb katika jimbo la Illinois, alipewa hataza ya aina yake tarehe 24 Novemba 1874, na kabla kizazi kimoja hakijaisha nyika za Amerika zilikuwa zimekatwakatwa. Kwetu waya ulifika na walowezi, ukabaki walipoondoka. Leo unauzwa kwa roli katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Kajiado hadi Karatu, pamoja na misumari ya U na nguzo za mierezi au za zege. Hakuna muuzaji anayemuuliza mnunuzi ni wanyama gani wanaopita kwake.

Na hapo ndipo penye tofauti, maana kila mnyama hufa kwa waya kwa namna yake. Pofu, pamoja na uzito wake wa nusu tani na zaidi, huruka kimo cha mtu mzima bila kukimbilia. Seng'enge ya ng'ombe kwake si kitu, ila ndama wake hubaki nyuma. Swalapala ni bingwa wa kuruka, lakini huruka vizuri mchana anapouona waya. Usiku, akifukuzwa, anauparamia. Swala tomi hujipenyeza chini. Nyumbu na pundamilia kwa kawaida hawaruki; wanafuata ua, kundi zima, mpaka wapate pengo au wapate kona, na kona ya seng'enge ni mahali pabaya pa kukutwa na simba. Twiga haruki kitu cha maana. Hukanyaga nyaya, na akianguka akiwa amefungika miguu, urefu wake wote unamgeukia.

Umeme ulipoongezwa kwenye nyaya, waliofikiriwa walikuwa tembo na simba. Waliolipa ni wadogo. Afrika Kusini, ambako nyua za umeme zimezunguka mashamba ya wanyama kwa maelfu ya kilomita, waathirika wakubwa ni kobe na kakakuona. Kobe akiguswa na waya wa chini hufanya kile ambacho kimemwokoa tangu enzi: anajikunyata gambani na kutulia. Waya unaendelea kumpiga, naye anaendelea kutulia. Kakakuona hutembea kwa miguu ya nyuma, tumbo limeelekea mbele, na tumbo lake halina magamba. Waya unampiga hapo. Anajikunja kuwa duara, waya ukiwa ndani ya duara. Mapigo yanarudi kila sekunde moja hivi, na kila pigo linamfanya azidi kujikunja. Mnyama ambaye simba humgeuzageuza na kumwacha anauawa na kifaa chenye betri ya gari.

Tembo, aliyekusudiwa, alijifunza upesi. Huko Laikipia tembo wazoefu hukata nyaya kwa pembe, kwa kuwa pembe hazipitishi umeme, au husukuma nguzo. Wengine huuangushia ua mti. Baadhi ya mashamba yalifikia hatua ya kuwapunguza pembe tembo wavunjaji, na hao wakatafuta njia nyingine. Ua unaomzuia tembo kweli upo. Ule wa Aberdare, uliomalizika mwaka 2009 baada ya kazi ya miaka 20 na unaozunguka mlima na msitu kwa takriban kilomita 400, umewapa wakulima wa Nyeri na Nyandarua usingizi ambao wazazi wao hawakuujua. Sitausema vibaya. Mwenye viazi shambani na tembo msituni anahitaji ua, na asiyelima hana haki ya kumhubiria.

Ila waya ukishakuwepo hupata kazi nyingine ambazo hakuna aliyeupangia. Mbwa mwitu wa hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, wamejua kukimbizia mawindo kwenye ua. Mnyama mkubwa ambaye uwandani angewashinda mbio anakwama, anamalizwa. Na binadamu naye haukosi waya ule. Katika hifadhi ya Savé Valley, Zimbabwe, kati ya mwaka 2001 na 2009 askari waliondoa mitego ya waya zaidi ya 84,000. Sehemu ya waya ule ilikuwa imekatwa kwenye ua wa hifadhi yenyewe.

Sasa twende Kitengela, kwa sababu hapo ndipo habari hii inapotuhusu zaidi na ndipo inapokuwa ngumu kumtafuta wa kulaumiwa.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946. Ni ndogo, kilomita za mraba 117, na imezungushiwa ua upande wa jiji. Kusini tu, kwenye Mto Mbagathi, iliachwa wazi. Iliachwa wazi kwa sababu kila aliyeijua alijua kwamba hifadhi yenyewe ilikuwa robo tu ya nyumba, kama si chini ya hapo. Wakati wa kiangazi nyumbu na pundamilia waliingia hifadhini kufuata maji ya mabwawa. Mvua zikinyesha walitoka, wakavuka mto, wakatawanyika kwenye nyanda za Athi-Kaputiei, kwenye nyasi fupi zenye madini ambayo majike wanaonyonyesha huyahitaji. Ardhi ile ya kusini, Kitengela ikiwa sehemu yake, ilikuwa ya Wamaasai, na ng'ombe wao walifuata mvua ileile.

Kisha ardhi ikagawanywa. Ranchi za vikundi zilizoundwa baada ya sheria ya mwaka 1968 zilianza kuvunjwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wanachama wa ranchi ya Kitengela walikuwa wakigawana kila mtu kipande chake na hatimiliki yake. Nani angewakataza? Walikuwa wameona jinsi ardhi isiyo na karatasi inavyochukuliwa. Mwenye hatimiliki akaweza kukopa, akaweza kuuza, na akaweza kuzungushia ua. Eneo la viwanda la Athi River likafunguliwa, barabara ya Namanga ikaleta wanunuzi, machimbo ya mawe yakafuata, kisha mashamba ya maua, kisha makanisa, shule na ploti za hamsini kwa mia.

Hakuna aliyejenga ua wa kuziba njia ya nyumbu. Kila mmoja alijenga ua wa kwake, kwa sababu zake, na sababu zenyewe zilikuwa nzuri. Pundamilia mia wakilala kwako usiku, asubuhi ng'ombe wako hana kitu. Nyumbu wanaozaa ni hatari zaidi: ndama wao hueneza virusi ambavyo nyumbu mwenyewe havimdhuru, lakini ng'ombe akivipata anashikwa na homa, macho yanaingia ukungu, pua inatiririka, na karibu kila mara anakufa. Wamaasai waliujua ugonjwa huo muda mrefu kabla ya maabara, na njia yao ya kuukwepa ilikuwa kuwahamisha ng'ombe mbali na wazaao. Njia hiyo inafaa ukiwa na pa kuwahamishia. Ukiwa na ekari 60 zenye kona nne, unajenga ua.

Na simba. Juni 2012, simba 6 waliuawa Kitengela baada ya kuingia zizini na kuua mbuzi. Picha za mizoga ile zilizunguka dunia, na waliopoteza mbuzi hawakuzunguka popote.

Matokeo yanaonekana kwenye hesabu za kutoka angani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda za Athi-Kaputiei walikuwa zaidi ya 25,000. Kufikia mwaka 2011 hawakutimia 5,000, na wengi wao hawakuwa wakiingia tena hifadhini. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, walishirikiana na wenyeji wa Kitengela kuzichora nyua zote kwenye ramani: vijana wa Kimaasai wakiwa na vifaa vya GPS walitembea ua baada ya ua, nguzo kwa nguzo. Ramani ilipotandazwa mezani, wazee waliiona nchi yao kwa mara ya kwanza kama nyumbu anavyoikuta. Kila mwenye boma alikuwa anaujua ua wake na wa jirani yake. Jumla ya nyua zote hakuwa nayo mtu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema nyumbu wa Kitengela waliuawa na nyaya. Waliokufa wamenaswa walikuwepo, na wapo mpaka leo, lakini ndio wachache na ndio wanaopigwa picha. Wengi zaidi hawakufa kwa siku moja inayojulikana. Jike alifika kwenye ua uliojengwa wiki iliyopita, akageuka. Akakuta mwingine, akageuka. Akazalia kwenye nyasi mbovu, karibu na barabara, karibu na mbwa. Maziwa hayakutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado waliowavisha nyumbu makoza yenye GPS mwaka 2010, huko Athi-Kaputiei, Amboseli na Mara, waliona jambo hilohilo kwenye nukta za ramani: pale penye nyua na makazi mengi, nyumbu walikuwa wakizunguka ndani ya eneo dogo badala ya kusafiri.

Mara yenyewe haijasalimika. Nyumbu wanaojulikana na watalii ni wale wa Serengeti wanaovuka mto, lakini lilikuwepo kundi jingine, la wenyeji, lililozaa kwenye nyanda za Loita na kuingia Mara wakati wa kiangazi. Mwaka 1977 walihesabiwa 119,000. Mwaka 1997 walikuwa 22,000. Kilichowapunguza wakati huo ni mashamba ya ngano yaliyokula nyanda za kuzalia. Nyua zilikuja baadaye, zikaongezeka haraka baada ya mwaka 2010, na cha ajabu ni kwamba nyingi zilikua kutoka kwenye desturi ya zamani kabisa. Kila boma la Kimaasai lilikuwa na olopololi, kipande cha malisho karibu na nyumba kilichotengwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Mpaka wake haukuwa na waya. Ulikuwa unajulikana, na aliyeuvuka aliitwa na wazee. Ardhi ilipogawanywa, olopololi ikapewa nguzo. Mwaka uliofuata ikasogezwa mbele kidogo, kwa sababu jirani alikuwa amesogeza yake.

Je, mlango uliofungwa hufunguka? Botswana inatoa majibu mawili. Katika miaka ya 1950 nchi ile ilianza kujenga nyua ndefu za kuzuia nyati wasiambukize ng'ombe ugonjwa wa miguu na midomo, kwa kuwa soko la nyama la Ulaya lilidai hivyo. Ua wa Kuke, wa mwaka 1958, ulikata Kalahari kutoka kwenye maji ya kaskazini. Ukame ulipokuja, miaka ya 1960 na tena ya 1980, nyumbu waliielekea njia ya zamani, wakaukuta waya, wakafa kando yake kwa makumi ya maelfu. Kundi lile halijarudi lilivyokuwa.

Jibu la pili ni la pundamilia. Ua mwingine, uliojengwa mwaka 1968, ulikuwa umewafungia njia kati ya Delta ya Okavango na nyanda za Makgadikgadi. Uliondolewa mwaka 2004. Hakuna pundamilia wa wakati huo aliyekuwa amewahi kuipita njia ile. Umri wao haukuruhusu, na hakukuwa na mzee wa kundi wa kuwaonyesha. Miaka michache baadaye, wanyama waliovishwa makoza walionekana wakiifuata: safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 588, kutoka maji hadi nyasi na tena maji. Wameijuaje, wataalamu bado wanabishana. Pengine waliufuata ujani wa mvua tu, na ujani uko palepale ulipokuwa.

Basi fundi afanye nini? Wafugaji wa Montana na Wyoming, ambao si watu wa kulia machozi kwa ajili ya kulungu, wamefika kwenye vipimo ambavyo mashirika ya wanyamapori ya huko sasa huvichapisha kwenye vitabu vya bure. Waya wa juu usizidi sentimita 102 hivi kutoka ardhini, na uwe laini, usio na miiba. Kati yake na wa pili ziachwe sentimita 30, ili mguu ukiingia utoke. Waya wa chini uinuliwe hadi sentimita 40 au 45, nao uwe laini, watoto wapite chini. Nyaya nne zinatosha. Ua huo unamzuia ng'ombe sawasawa na ule wa nyaya saba, na unatumia waya kidogo.

Lakini ujaribu kusema hivyo Kajiado.

"Fundi, huo waya wa chini mbona umeugusisha ardhi?"

"Nikiuinua, mzee, mbuzi wako watalala kwa jirani."

Fundi yuko sahihi. Vipimo vya Montana ni vya mwenye ng'ombe peke yake. Mwenye mbuzi na kondoo hawezi kuacha sentimita 45, na kwetu mwenye ng'ombe asiye na mbuzi ni nadra. Kwa mfugaji huyu dawa ni kuutenganisha usiku na mchana. Usiku mifugo ilale ndani ya boma dogo lenye wavu imara, chui asipenye, fisi asichimbe. Ua wa boma una mita mia au mia mbili za mzunguko, hauzibi njia ya mtu. Mvulana wa Kitengela, Richard Turere, aliyefunga taa za kumetameta kwenye zizi la baba yake akitumia betri ya gari na vipuri vya tochi, na akaja kualikwa kwenye jukwaa la TED mwaka 2013, alikuwa anashughulikia swali hilohilo: namna ya kulinda zizi bila kuufunga uwanda. Mchana mifugo iende na mchungaji. Mchungaji anagharimu, najua. Watoto wako shuleni siku hizi, na kijana wa kulipwa anataka mshahara wa mwezi.

Ndiyo maana mpango wa kukodisha ardhi ulioanza Kitengela mwaka 2000 ulikuwa na akili kuliko mingi. Mwenye ardhi alilipwa takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili asijenge ua, asilime, asichimbe mawe na asiuze. Fedha zililetwa kwa awamu tatu, mwanzoni mwa mihula, wakati ada inapodaiwa. Familia zilijiunga kwa mamia. Huko Mara hifadhi za jamii hulipa kodi ya ardhi kwa utaratibu wa aina hiyo, na katika eneo la Pardamat wenye ardhi wameanza kung'oa nyaya walizozifunga wenyewe. Wakati huohuo bei ya ekari moja Kitengela ilikuwa inapanda kila mwaka, na dola 4 zikabaki dola 4.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Nyua nyingi za Kitengela leo hazikujengwa kuzuia mnyama yeyote, kwa kuwa ndani hamna ng'ombe, hamna mbuzi, hamna mahindi. Ni ploti za watu wanaoishi Nairobi, Mombasa, hata Minnesota, walionunua na kuzungushia ili mtu asije akajimegea. Anayezuiwa pale ni tapeli wa ardhi, naye haruki seng'enge. Yeye hupitia kwa karani. Ploti hiyo haihitaji nyaya saba za miiba. Inahitaji mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa, nguzo za kona, ubao wenye namba, na kama mwenyewe hapati usingizi, uzi mmoja wa waya laini kwenye kimo cha nyonga, ufungwe vipande vya plastiki nyeupe ili uonekane usiku. Roli moja hubaki hata baada ya kuzungusha ekari nzima, na fundi hamalizi siku.

Neno la mwisho ni kwa atakayemkuta mnyama tayari amenaswa, maana watu wema huua wengi wakitaka kuokoa. Usimkimbilie. Hofu peke yake huharibu misuli ya swala, na sumu itokayo kwenye misuli iliyopondeka huziba figo. Anaweza kuachiwa, akakimbia vizuri, akafa kesho kutwa kichakani. Piga simu kwa askari wa wanyamapori kwanza. Kama hawako karibu, njooni wawili, kimya, kutoka nyuma, mfunikeni macho kwa shuka au koti. Mmoja aulalie mgongo wa mnyama. Mwingine akate waya, na aukate mbali na mguu, akijua kwamba waya uliokazwa ukikatwa unaruka na unaweza kumtoa mtu jicho. Ukaguliwe mguu: kama mfupa umetokeza nje, mngojeni askari mwenye bunduki. Kama mzima, toeni shuka mwisho, rudini nyuma, msimwelekeze popote. Kisha kabla ya kuondoka, ufungeni waya ule upya, safari hii sentimita 30 juu ya mwenzake.